Siku ya Kunusa

Jina lake la mbele ya watu alilijua, na la mgongoni pia alilijua. Darasani wanafunzi walimwita Mwalimu. Akiwapa kisogo walimwita Bi Pua, naye alijifanya hana habari, ilhali moyoni jina hilo la pili lilimkaa vizuri kuliko la kwanza, kwa sababu walimu ni wengi mjini lakini pua ya namna ile hakuwahi kusikia mtu mwingine anayo.

Kituo chao kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lililokuwa ghala la magodoro, na lifti ilikufa zamani pamoja na biashara ya magodoro. Hapo watu wa mjini, wasio na ardhi hata ya kuzikia paka, walifundishwa kujilimia mboga kwenye ndoo za rangi, kwenye magunia, kwenye mabafu yaliyotupwa na watu wanaokarabati nyumba. Paani palikuwa na mabafu tele, mchicha umejaa mpaka unafunika mabomba. Walimu walikuwa wawili. Fundi Maji alifundisha umwagiliaji, mipira yenye vitundu na chupa zilizopinduliwa. Mwanamume mrefu, mchache wa maneno, sigara haimtoki mkononi. Bi Pua alifundisha mboji, ile mbolea inayopatikana kwa kuozesha maganda ya jikoni pamoja na majani makavu na maboksi yaliyochanwa, mpaka kila kimoja kisahau kilitoka wapi.

Kila muhula ulimalizika kwa siku ya kunusa. Kila mwanafunzi alipanda ngazi na kopo la mboji aliyoitengeneza kibarazani kwake, akaliweka mbele ya Mwalimu kwenye meza ndefu. Mwalimu alichota kiganja kimoja, akafumba macho, akanusa, darasa zima likishika pumzi, kisha akatoa hukumu. Iliyoiva ilimpatia mwenyewe miche ya kwenda kupanda. Iliyo mbichi, mwenyewe aliambiwa airudishe akaisubiri. Iliyochacha, yaani iliyooza kwa kukosa hewa, ilitajiwa ugonjwa wake hapo hapo: wewe ndoo yako haina matundu, wewe umemwaga supu humu, wewe hii si yako, umeichota kwa jirani. Huyo wa mwisho alikiri kabla hajaulizwa mara ya pili. Na kopo lililoyashinda mengine lilizungushwa mkono kwa mkono ili pua za wengine zijifunze, maana mboji isiyo tayari huunguza mizizi, na mche ukishaungua hakuna wa kulaumiwa ila mwenye haraka. Mtaalamu mmoja alipowahi kuja na vipimo vya kuchomeka kwenye ndoo, Bi Pua alimkaribisha chai, akamwomba aipime kama imeiva. Mtaalamu hakurudi.

Basi mwanamke huyo huyo, msimu wa mvua, akashikwa na mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kupenga kamasi na kulalamika. Yalipoondoka yalibeba na harufu zote, kama mpangaji anayehama na balbu za mwenye nyumba. Aligundua jikoni. Kitunguu kilikuwa kimegeuka mkaa kikaangoni, moshi unamchoma macho, na puani mwake hamna kitu. Akakimbilia ndoo yake ya mboji, akainama mpaka nywele zikagusa maganda. Hamna. Akafungua chupa ya siki. Hamna. Alikwenda kwa daktari wa mtaa wa mbali ambako hajulikani, naye akamwambia kwamba harufu huenda ikarudi baada ya mwezi, huenda baada ya mwaka, na huenda isirudi. Bi Pua aliona jibu hilo hata yeye angeweza kulitoa, tena bure.

Hakumwambia mtu. Wenye kumjua wangedhani alificha kwa ajili ya jina. Jina lilikuwemo, tusidanganyane, lakini halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa mjukuu.

Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko huku kesho yuko kule, na mke wa mwanawe aliuza dawa kwenye duka la dawa kuanzia mchana hadi jioni. Wote waliishi nyumba moja na Bi Pua. Mtoto wao, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea bila kushika meza, alilelewa na bibi yake wakati mama yake yuko kazini. Mchana huo wa kukaa na mjukuu Bi Pua hakuupata kirahisi. Mkwewe alikuwa ameona nyumba ya kulelea watoto karibu na kazini kwake, safi, ina vigae, walezi wamevaa sare. Bi Pua aliposikia alisema mjukuu wake hatalelewa kwa zamu kama mgonjwa wa hospitali. Si kwamba wawili hao walikuwa maadui. Waliishi kwa adabu nyingi na maneno machache, kila mmoja akimwachia mwenzake jiko likiwa limefutwa. Mume alipopigiwa simu aliunga mkono pande zote mbili, kisha akasema mtandao unakatika. Mwishowe mkwe alikubali, kwa sauti yake ile ya chini.

“Sawa, Mama,” alisema. “Ila siku ukiona huwezi, uniambie mimi kwanza.”

Bi Pua akaahidi, kwa kuwa aliiona siku hiyo iko mbali sana.

Kisha ikaja siku ya gesi. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Bi Pua alifuta jiko, na kitambaa kikazungusha swichi kidogo tu, bila moto. Akakaa pale mezani akichambua mbegu, roho yake imetulia tuli, mpaka mama wa nyumba ya juu alipogonga mlango akiwa ameziba pua kwa kanga. Alisema gesi inanuka hadi kwenye ngazi. Bi Pua akajibu kwamba ndiyo, ameshaona, alikuwa anafungua madirisha sasa hivi. Akafunga swichi, akafungua madirisha, akamtoa mtoto nje. Akakaa kwenye ngazi bila kutandika kitu, mtoto kifuani, na alibaki hapo muda mrefu baada ya hewa kuwa safi.

Tangu hapo alichukua tahadhari. Mkwewe akishatoka, alifunga gesi kwenye mtungi wenyewe na hakuwasha jiko tena. Mtoto alikula kilichopikwa asubuhi. Maziwa aliyaonja kabla ya kumpa. Nepi aliichungulia kila mara, kwani siku moja mtoto alikaa na uchafu mpaka mapaja yakawa mekundu, na mkwewe aliyatazama mapaja hayo bila kusema neno, na kutosema kwake kukamkosesha Bi Pua usingizi. Alijiambia kwamba anajitahidi kuliko watu wenye pua zao. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Lakini wahenga hao hawakuwa na mjukuu wa kunyang'anywa.

Ikabaki siku ya kunusa. Kuifuta asingeweza, watu wangeuliza. Kwa hiyo akajipanga. Macho alikuwa nayo: mboji iliyoiva ni nyeusi na huoni ganda ndani yake. Vidole alikuwa navyo: iliyoiva ukiifinya hushikamana, ukiigusa humeguka, na haitoi maji. Na zaidi ya hayo alikuwa na nyuso za wenyewe. Mwenye mboji nzuri hulileta kopo amelikumbatia. Mwenye mboji mbaya hulishika kwa ncha za vidole, mkono umenyooka, shingo imegeukia upande wa pili. Bi Pua alishangaa kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anafumba macho wakati jibu liko mbele yake limevaa shati.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mhasibu mstaafu alileta kopo amelikumbatia: imeiva. Bwana na bibi waliokuja pamoja walikuwa wanasukumiana kopo lao: imechacha, mnaiwekea maji kama mnalisha bata. Wakatazamana, mke akamwambia mume si nilikwambia. Darasa likacheka, na Bi Pua akaanza kupumua. Fundi Maji alikuwa amesimama dirishani na sigara yake akitazama, na uso wake, kama kawaida, haukusema kitu.

Kisha akaja fundi cherehani. Huyu alikuwa mwanafunzi wa kupendwa na mwalimu yeyote: hakosi, hachelewi, haulizi swali ambalo jibu lake limeandikwa ubaoni. Kopo alilikumbatia kwa mikono miwili. Mboji yake ilikuwa nyeusi ti. Bi Pua akaifinya, ikashikamana, akaigusa, ikameguka. Alichokuwa hakijui ni kwamba fundi, kwa kuogopa nzi, aliifunika ndoo yake kwa mfuniko usiopitisha hata unyuzi wa hewa, na kwa kuogopa kuambiwa imelowa, asubuhi hiyo aliianika juani. Na jambo la tatu ndilo lililommaliza Bi Pua: fundi mwenyewe alikuwa na mafua. Alikuwa analikumbatia yai viza bila kujua.

“Imeiva,” akasema Bi Pua. Na kwa furaha ya kuona mwisho wa kazi, akaongeza: “Udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Hii izungusheni.”

Kopo likaanza safari. Mhasibu mstaafu akanusa, machozi yakamlengalenga, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa jambo la busara. Akasema ni nzito. Aliyefuata akasema, ndiyo, ina uzito wake. Yule bwana wa kusukumiana kopo alinusa mara mbili ili ashike vizuri tofauti, kisha akakohoa kwa adabu kwenye kiwiko. Hakuna aliyekunja uso. Kila mmoja aliona kwamba kama Bi Pua kasema mvua ya kwanza basi ni mvua ya kwanza, na kwamba pua yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inamdanganya maisha yake yote. Watu wazima, wenye kazi na watoto, walipitisha uvundo kutoka mkono hadi mkono na kuuitikia kwa vichwa.

Bi Pua alikuwa amezisoma nyuso asubuhi nzima, na hizi pia alizisoma. Aliona vifua vilivyobana pumzi. Aliona Fundi Maji akizima sigara na kufungua dirisha la pili. Akajua.

Wakati huo mlangoni alikuwa amesimama mkwewe. Siku za darasa alimleta mtoto kituoni mchana, akamkabidhi, kisha akaenda kazini. Mtu wa karibu na mlango, bila kufikiri, akampa kopo naye. Mkwe akanusa. Papo hapo akaufunika uso wa mtoto kwa kiganja, akauelekeza begani kwake, kisha akamtazama mama mkwe wake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyomtazama mteja wa duka la dawa anayesema haumwi popote.

“Mimi mbolea siijui, Mama,” akasema, akaliweka kopo mezani.

Bi Pua aliona mambo yote mawili kwa pamoja: hawa watakwenda nyumbani kufunika ndoo zao mpaka zinuke hivi, wamwagie miche, miche ife, na yule pale mlangoni anahesabu mapaja mekundu, jiko lililopoa, maziwa yanayoonjwa. Alikuwa anazama mchana kweupe. Na mtu anayezama, ulimi wake humtangulia kutafuta pa kushika.

“Haya,” akasema, na sauti ikatoka imara kuliko alivyotarajia. “Nimengoja mmoja wenu aniambie ukweli. Hakuna. Kitu kinanuka yai viza mnaniitikia mvua ya kwanza. Mnaamini pua yangu kuliko zenu, na mimi sitakuwepo kibarazani kwenu. Mgeni hapo mlangoni ndiye peke yake aliyekataa.”

Kicheko kilichotoka kilikuwa cha watu waliotolewa mzigo kichwani. Mhasibu mstaafu alicheka mpaka akashika meza, akasema yeye tangu mwanzo alijua. Wengine wakamwambia asitie chumvi kwenye mboji. Fundi cherehani akaungama, kwa sauti ya puani, kwamba ana mafua na hajasikia harufu ya kitu tangu juzi, na Bi Pua akampa pole iliyotoka ndani kabisa, akamwambia aitoboe ndoo yake na aongeze majani makavu. Lilikuwa somo bora alilowahi kufundisha, na lilikuwa uongo kuanzia kichwa hadi mkia. Fundi Maji peke yake hakucheka. Tangu msimu wa mvua Bi Pua, aliyezoea kumfukuza darasani kwa harufu ya sigara yake, hakuwa amemfukuza hata siku moja, na yeye si mtu wa kusema, lakini si kipofu.

Mkwe naye alicheka. Alicheka kidogo, kwa aibu, mkono mdomoni, na mabega yake yakashuka. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Pua kumwona akicheka mbele za watu. Akasogea, akamkabidhi mtoto, akamning'inizia mkoba wa nepi begani, akasema kwa sauti ya chini kwamba amechelewa, na kwamba asamehewe, kwa kitambo kidogo alikuwa amewaza vibaya. Kisha akatoka bila kugeuka nyuma.

Bi Pua akabaki na mtoto mikononi. Mtoto akamshika sikio. Darasa lilikuwa bado linacheka, jina limepona, tena limeongezeka, na mchana wote mtamu ulikuwa wake, huo na mingine yote itakayofuata. Alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa anautazama mlango, kwa sababu yule mwanamke alikuwa ameshuka ngazi bila wasiwasi wowote, na wasiwasi ule ndio uliokuwa umebaki kumlinda mtoto.

Akamwambia Fundi Maji amalizie makopo. Fundi Maji akaitikia kwa kichwa, akaja mezani. Bi Pua akatoka na mtoto mikononi, mbio za mtu wa makamo, akamkuta mkwewe kwenye ghorofa ya pili, karibu na mita za umeme.

“Mwanangu, subiri.”

Mkwe akasimama, akauliza kama kuna kitu amesahau.

“Sisikii harufu,” akasema Bi Pua. “Tangu yale mafua. Sikuwa nawajaribu wale watu.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Mkwe akapanda ngazi mbili kumrudia. Mtoto aliona mama yake amerudi, akanyoosha mikono, lakini hakuna aliyemjali. Bi Pua akaona kwamba akishaanza kutapika hana budi kumaliza. Akamweleza habari ya gesi, na mama wa nyumba ya juu, na kanga puani. Akamweleza pia kuhusu mtungi anaoufunga, na mara alipofika hapo akajisikia anavyojitetea, akaacha.

“Siku hiyo ya gesi mtoto alikuwa wapi?”

“Alikuwa amelala.”

Mkwe alishika ukingo wa ngazi. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti, na pengine ingekuwa nafuu. Alichukua kwanza mkoba. Kisha akamchukua mtoto.

“Leo nitakwenda naye kazini. Kesho nitampeleka kule kwenye vigae.”

“Mpeleke.”

“Si adhabu, Mama.”

“Najua.”

“Kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeshaamini. Nilikuwa nimeshakwenda.”

“Ndiyo hivyo,” akasema Bi Pua. “Ulikwenda bila kugeuka nyuma.”

Juu yao darasa lilipiga makofi. Mtu fulani alikuwa amefaulu. Mkwe alianza kushuka, akashuka hatua chache. Bi Pua hakuwa amepanga kusema kingine. Alikuwa anaona uchungu waziwazi, uchungu wa mtu aliyeibiwa kitu ambacho hawezi hata kukiripoti, na maneno yakamtoka yenyewe.

“Niambie kitu kimoja tu. Ananukiaje?”

Mkwe aligeuka, akamtazama kama hakuelewa. Kisha akaelewa. Akainamisha pua kwenye nywele za mtoto, akakaa hivyo, macho kayafumba.

“Mboji,” akasema. “Umemshika muda mfupi tu, tayari ananukia mboji. Kila siku nikirudi namkuta hivi. Huwa namwogesha mara mbili ili itoke.”

Bi Pua akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, mtoto lazima awe safi.

“Leo simwogeshi,” akasema mkwe. Akamweka mtoto vizuri begani, akashuka.